Je, hadubini ya mara 2000 itatuonyesha zaidi ya hii ya mara 1000?

Mwalimu wa Bayolojia ameuliza:

Habari zenu wanajukwaa. Ninafundisha bayolojia katika shule ya sekondari, na maabara yetu ina hadubini ya kawaida ya mwanga yenye lenzi nne za kitu, yaani za mara 4, 10, 40 na 100, pamoja na lenzi ya jicho ya mara 10. Seli za ngozi ya kitunguu zilizotiwa ayodini tunaziona vizuri kabisa, na paramesiamu wa maji ya bwawa hatupati shida kuwafuata wanapoogelea. Shida inaanza tunapotafuta vitu vidogo zaidi. Nilikwangua utando wa meno kwa kijiti, nikauchanganya na tone la maji juu ya slaidi, nikitarajia kuwaonyesha wanafunzi viumbe wa aina ile ile ambayo Antonie van Leeuwenhoek aliieleza katika barua yake ya mwaka 1683. Kwa mara 400 tuliona vitone hafifu vinavyotetemeka. Tulipogeuzia lenzi ya mara 100 picha ilikua, lakini iliingia ukungu na giza kiasi kwamba hakuna aliyeweza kusema kama anachokiona ni bakteria au ni takataka.

Nina maswali mawili. La kwanza ni kwamba zipo hadubini zinazotangazwa kuwa zinakuza mara 2000, na nimeambiwa kwamba hata hii yetu inaweza kufika huko kwa kubadilisha lenzi ya jicho tu na kuweka ya mara 20. Je, tukifanya hivyo tutaona zaidi? La pili ni kwamba vitabu vinataja hadubini za uwanja wa giza, za tofauti ya awamu, za fluoresensi na za elektroni, lakini vinazitaja kwa majina tu bila kueleza ni wakati gani mtu achague ipi. Ningependa kuelewa kila moja inatatua tatizo gani, na kama ipo mbinu kati ya hizo inayowezekana kwa chombo tulicho nacho.

Fundi wa Lenzi amejibu:

Mwalimu, nakushauri usiitafute hiyo lenzi ya jicho ya mara 20. Itakupa ukungu ule ule ukiwa umetanuliwa mara mbili, na giza litazidi kwa sababu mwanga ule ule utakuwa umetandazwa kwenye eneo kubwa zaidi. Kukuza ni jambo moja na kupambanua ni jambo jingine, na ubora wa hadubini unapimwa kwa hili la pili: je, nukta mbili zilizokaribiana zinaonekana kuwa mbili, au zimeungana na kuwa doa moja? Zikishaungana ndani ya lenzi ya kitu, hakuna lenzi ya jicho, kamera wala skrini itakayozitenganisha tena.

Ernst Abbe alionyesha mwaka 1873 kwamba uwezo huo una mpaka, na kwamba mpaka wenyewe unatokana na mwanga kusafiri kwa mawimbi. Umbali mdogo kabisa unaoweza kupambanuliwa hupatikana kwa kuchukua urefu wa wimbi la mwanga na kuugawanya kwa mara mbili ya namba ya upenyo wa lenzi, yaani kipimo cha jinsi lenzi inavyoweza kukusanya miale iliyoinama. Namba hiyo imechongwa ubavuni mwa kila lenzi ya kitu, mara tu baada ya ile ya ukuzaji, ingawa wengi hawaitazami. Kwenye lenzi ya mara 40 kwa kawaida utakuta 0.65, na kwenye ya mara 100 utakuta 1.25. Kwa mwanga wa kijani wenye urefu wa wimbi wa nanomita 550, lenzi ya kwanza inapambanua hadi kiasi cha nanomita 420, na ya pili hadi nanomita 220. Bakteria wengi wana unene wa nanomita 500 hadi 1000, kwa hiyo wamo ndani ya uwezo wa chombo chako bila wasiwasi. Kanuni inayofuatwa ni kwamba ukuzaji wenye manufaa hauzidi mara 1000 ya namba ya upenyo, maana yake lenzi yako kubwa inaishia mara 1250. Kinachoongezwa juu ya hapo ni ukubwa usiobeba habari yoyote mpya.

Sasa kuhusu ukungu wenyewe. Katika maelezo yako hukutaja mafuta, na lenzi ya mara 100 ya aina hii imetengenezwa ifanye kazi ikiwa imegusa tone la mafuta ya hadubini lililowekwa juu ya slaidi. Mwanga unaotoka kwenye kioo na kuingia hewani hupinda, na miale iliyoinama sana hurudishwa ndani au hupotelea pembeni kabla ya kuifikia lenzi. Miale hiyo iliyoinama ndiyo inayobeba habari za vitu vidogo kabisa. Mafuta hayo hupinda mwanga karibu sawasawa na kioo, kwa kipimo cha 1.515 hivi, hivyo miale hupita kana kwamba kioo hakijaisha. Pakiwa na hewa katikati, namba ya upenyo haiwezi kufika 1 hata lenzi iwe bora namna gani, na lenzi iliyokokotolewa kwa ajili ya mafuta hutoa picha iliyovurugika. Angalia pia kioo cha kufunikia. Lenzi nyingi za bayolojia zimekokotolewa kwa kioo chenye unene wa milimita 0.17, na lenzi kavu ya mara 40 ndiyo inayoathirika zaidi kioo kikizidi unene huo.

Jambo la mwisho ni mwanga unaotoka chini. Ukishalenga slaidi vizuri, toa lenzi ya jicho na uchungulie ndani ya neli tupu. Chini kabisa utaona kiduara cheupe, ambacho ni mgongo wa lenzi ya kitu ukiwa umejaa mwanga. Fungua na ufunge diaframu iliyo chini ya jukwaa taratibu, na utaona ukingo wake mweusi ukisogea ndani na nje ya kiduara hicho. Uache mwanga ujaze kama robo tatu ya upana wake, hakikisha kondensa, yaani lenzi ya chini ya jukwaa inayokusanya mwanga wa taa, imepandishwa hadi karibu na slaidi, kisha rudisha lenzi ya jicho. Ukikuta mwanga umebaki kidoa kidogo katikati, ujue sehemu kubwa ya uwezo wa lenzi yako imelala bure. Zoezi hili lirudiwe kila unapobadilisha lenzi, na mwangaza ukizidi upunguze kwa swichi ya taa, kamwe si kwa diaframu.

Mchunguzi wa Maji ya Bwawa amejibu:

Ninaunga mkono yote aliyosema Fundi, ila ninaona nusu ya pili ya tatizo lako haijaguswa. Bakteria aliye hai ndani ya maji ni kitu kisicho na rangi ndani ya kimiminiko kisicho na rangi. Hata lenzi ikimpambanua barabara, jicho halina cha kushika, kwa sababu mwanga uliopita ndani yake una nguvu karibu sawa na ule uliopita kando yake. Ndiyo maana watu hufunga diaframu: picha inapata weusi na weupe, lakini upambanuzi unashuka. Mbinu nyingi za hadubini ya mwanga zilibuniwa ili kukwepa hasara hiyo.

Iliyo rahisi kuliko zote ni uwanja wa giza, na hiyo unaweza kuifanya wiki hii. Kata kiduara cha karatasi nyeusi, kibandike katikati ya kipande cha plastiki angavu, na ukiweke kwenye kishikio cha kichujio chini ya kondensa. Kiduara kinazuia mwanga wa katikati, unabaki ule wa pembeni tu, nao unapita kwenye slaidi ukiwa umeinama kiasi kwamba hauingii ndani ya lenzi. Kusipokuwa na kitu kwenye slaidi unaona weusi mtupu. Kikiwepo kitu, kinatawanya mwanga na sehemu yake inaingia kwenye lenzi, hivyo kinang'aa. Ukubwa wa kiduara utaupata kwa kuchungulia neli kama ulivyoelekezwa: kiwe kikubwa kidogo tu kuliko kile kiduara cha mwanga unachokiona, huku diaframu ikiwa wazi kabisa. Kwa lenzi ya mara 10 mbinu hii hufanya kazi vizuri sana, na kwa ya mara 40 inawezekana ukiwa mvumilivu. Kwa lenzi ya mafuta yenye 1.25 haiwezekani bila kondensa maalumu, kwa sababu lenzi hiyo inakusanya hata miale iliyoinama sana.

Faida ya uwanja wa giza ni kwamba unafichua hata vitu vyembamba kuliko mpaka wa Abbe, kama vile nyota inavyoonekana usiku ingawa jicho haliwezi kupima upana wake. Bakteria wa kaswende, ambaye unene wake haufiki nanomita 200, alitafutwa kwa njia hii kwa miongo mingi kwa kuwa katika mwanga wa kawaida anapotea kabisa. Kumbuka tu kwamba unaona kuwa kipo na kinakwenda wapi, lakini unene unaouona si unene wake halisi. Slaidi nayo iwe safi mno, kwani kila chembe ya vumbi itang'aa pia.

Tofauti ya awamu inakwenda mbali zaidi. Mwanga unapopita ndani ya seli hai haupungui nguvu bali huchelewa kidogo, takriban robo ya wimbi, na jicho halioni kuchelewa. Frits Zernike alibuni katika miaka ya 1930 njia ya kuugeuza ucheleweshaji huo kuwa giza na mwanga: pete ya uwazi inawekwa kwenye kondensa, na pete nyingine inayolingana nayo inawekwa ndani ya lenzi ya kitu, ambapo inapunguza nguvu za mwanga uliopita moja kwa moja na kuusogeza robo ya wimbi nyingine, ili ukikutana na mwanga uliochepushwa na seli mawimbi yao yapunguzane. Seli inaonekana nyeusi kwenye uwanja wa kijivu, ikiwa hai, bila rangi yoyote. Zernike alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1953 kwa kazi hiyo. Dosari yake ni ukungu mweupe unaozunguka kila ukingo, na kwa vipande vinene ukungu huo hufunika mambo mengi. Lenzi zake ni za pekee, kwa hiyo hii huwezi kuiunda mwenyewe.

Kuhusu vitone vyako vinavyotetemeka, waambie wanafunzi wasikimbilie kusema vina uhai. Chembe yoyote ndogo ndani ya maji hutetemeka pale pale ilipo kwa kugongwa na molekuli za maji, jambo ambalo Robert Brown alilichunguza mwaka 1827. Bakteria anayeogelea huvuka uwanja akiwa na mwelekeo, akageuka, akaendelea. Watazame jirani zake: wote wakisogea upande mmoja kwa kasi moja, ni maji yanayotiririka chini ya kioo.

Mwalimu wa Bayolojia ameandika tena:

Nawashukuru sana, ndugu zangu. Nimechungulia neli, na mwanga ulijaza kama robo tu ya kiduara. Nimefungua diaframu, nimepandisha kondensa na kuweka mafuta kwenye lenzi ya mara 100. Vitone vimekuwa vijiti na viduara vyenye kingo zinazoonekana wazi, ingawa ni hafifu sana, jinsi alivyoeleza Mchunguzi. Karatasi nyeusi nayo imefanya kazi kwa lenzi ya mara 10, na wanafunzi hawakutaka kuondoka.

Naomba kuuliza zaidi. Nikiwatia rangi hao bakteria, je, nitakuwa ninaona viumbe wenyewe au mabaki yao? Na hizi hadubini za fluoresensi na za elektroni, je, ni hii hii yenye mwanga mkali zaidi, au ni chombo cha namna nyingine kabisa?

Mhudumu wa Maabara amejibu:

Mwalimu, kwa bakteria wa slaidi, rangi ndiyo njia ya kila siku, na kazi yangu nyingi imesimama juu yake. Utando unapakwa mwembamba, unaachwa ukauke, kisha slaidi inapitishwa haraka juu ya mwali ili bakteria washike kwenye kioo. Hapo wamekufa. Umbo na mpangilio wao vinabaki, ingawa hupungua ukubwa kidogo kwa kukauka, na hutaona tena mwendo wowote. Kwa darasa, methilini buluu peke yake inatosha: dakika moja hivi, suuza kwa maji, kausha, weka mafuta moja kwa moja bila kioo cha kufunikia, tazama.

Uzuri wa rangi hauishii kwenye kuonekana. Njia ya Hans Christian Gram ya mwaka 1884 inawatenganisha bakteria kwa muundo wa ukuta wao: wote hupakwa zambarau, hutiwa ayodini, huoshwa kwa alkoholi, kisha hupakwa rangi nyekundu. Wenye ukuta mnene wanabaki zambarau, na wenye ukuta mwembamba wanapoteza zambarau na kuchukua nyekundu. Hatua ya alkoholi ndiyo inayoamua kila kitu. Ikizidi kwa sekunde chache, hata wale waliopaswa kubaki zambarau wanageuka wekundu, na jibu linakuwa la uongo huku slaidi ikipendeza machoni. Kwa sababu hiyo sisi huweka kando bakteria tunaowajua tayari, tukawapaka kwa wakati mmoja na sampuli ili tuone kama rangi zenyewe zimefanya kazi.

Kuhusu fluoresensi nitasema la upande wangu tu. Vijidudu vya kifua kikuu vinaweza kupakwa rangi nyekundu ya Ziehl na Neelsen na kutafutwa kwa lenzi ya mara 100 ya mafuta, au vikapakwa auramini na kutazamwa kwa mwanga wa buluu, ambapo vinang'aa kwa rangi ya manjano kwenye weusi. Kwa kuwa vinang'aa, huhitaji lenzi kubwa ili kuvigundua. Ukitumia ya mara 40 eneo unaloliona kwa mtazamo mmoja ni zaidi ya mara sita ya lile la lenzi ya mara 100, na muda wa kusoma slaidi unapungua sana. Zamani ilihitajika taa ya zebaki, yenye joto na inayochakaa upesi. Siku hizi taa za LED zinatosha, na Shirika la Afya Duniani lilipendekeza matumizi yake kwa kifua kikuu mwaka 2011.

Mtafiti wa Seli amejibu:

Niendelee pale alipoishia Mhudumu. Katika fluoresensi, molekuli ya rangi inanyonya mwanga wa mawimbi mafupi, tuseme wa buluu, na kuutoa ukiwa wa mawimbi marefu zaidi, tuseme wa kijani. Vichujio vinazuia buluu yote isifike kwenye jicho, kwa hiyo kila unachokiona kimetoka kwenye rangi yenyewe. Maana yake ni kwamba unachagua kitakachoonekana. Unaweza kushikiza rangi kwenye kingamwili inayotambua protini moja tu, au ukamfanya kiumbe aitengeneze rangi mwenyewe kwa jeni ya protini ya kijani inayotoka kwa kiwavi-bahari mmoja anayeng'aa, kazi iliyowapatia Osamu Shimomura, Martin Chalfie na Roger Tsien Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2008. Hapo unafuatilia protini ndani ya seli iliyo hai. Gharama yake ni kwamba rangi hufifia kadiri unavyoimulika, na mwanga mkali huidhuru seli.

Seli ikiwa nene, mng'aro wa juu na wa chini ya sehemu unayoilenga huchanganyika na kuleta ukungu. Hadubini ya konfokali huupunguza kwa kumulika nukta moja baada ya nyingine kwa leza na kuupitisha mwanga unaorudi kwenye kitundu kidogo, kinachozuia mwingi wa ule usiotoka kwenye kina kilicholengwa. Kompyuta hupanga nukta hizo kuwa picha, na picha za vina mbalimbali kuwa umbo kamili. Mpaka wa Abbe nao umepatiwa njia ya kuzungukwa. Mojawapo ni kuziwasha molekuli chache chache kwa zamu, zikiwa zimetengana vya kutosha ili kitovu cha kila doa kikokotolewe peke yake, hadi picha nzima inapatikana kwa upambanuzi wa makumi machache ya nanomita. Eric Betzig, Stefan Hell na William Moerner walitunukiwa Nobel ya kemia mwaka 2014 kwa kazi za namna hiyo.

Hadubini ya elektroni ni chombo kingine kabisa. Ernst Ruska na Max Knoll waliunda ya kwanza mwaka 1931, wakitumia sumaku kama lenzi na mkondo wa elektroni badala ya mwanga. Elektroni zilizosukumwa kwa volti 100,000 zina urefu wa wimbi wa nanomita 0.0037, na ingawa lenzi za sumaku haziwezi kuutumia uwezo huo wote, zinatosha kuonyesha virusi, utando wa seli na hata mpangilio wa atomi katika baadhi ya fuwele. Aina ya kwanza hupenyeza elektroni ndani ya kipande chenye unene usiozidi nanomita 100 hivi, kilichotiwa chumvi za metali nzito ili kiwe na sehemu nyeusi na nyeupe. Aina ya pili hutambaza mkondo juu ya kitu, mara nyingi kikiwa kimepakwa dhahabu nyembamba, na kuonyesha uso wake tu. Zote mbili zinahitaji ombwe, kwa hiyo seli hai na maji yake kwa kawaida haiingii humo. Njia iliyoleta unafuu mkubwa ni kuigandisha sampuli kwa kasi inayoyazuia maji yasifanye fuwele za barafu, hivyo protini zinatazamwa katika umbo lao la asili. Jacques Dubochet, Joachim Frank na Richard Henderson walipata Nobel ya kemia mwaka 2017 kwa hilo.

Ningefurahi ukiwaeleza wanafunzi jambo moja ambalo vitabu huliacha: picha ya elektroni kwa asili ni nyeusi na nyeupe. Virusi vyekundu na chavua za manjano wanazoziona zimetiwa rangi na mtu baada ya picha kupigwa, na rangi hizo hazisemi lolote kuhusu kitu chenyewe.

Fundi wa Lenzi amejibu:

Nyongeza fupi, Mwalimu, kwa kuwa sasa mnatumia mafuta. Mkimaliza, futeni lenzi ya mara 100 siku hiyo hiyo kwa karatasi maalumu ya lenzi, kwa kugusa taratibu bila kusugua, wala msitumie nguo au karatasi ya chooni. Baada ya kuweka tone msirudi kwenye lenzi ya mara 40, kwa sababu iko karibu sana na slaidi na mafuta yataingia kwenye kioo chake. Yakishaingia, picha yake itakuwa na ukungu hata slaidi iwe safi. Kama wanafunzi wengi wanapokezana, weka alama kwenye slaidi kabla ya kuweka tone, muwe mmekwishapata mahali pazuri kwa mara 40, kisha mgeukie ya mara 100 pekee hadi mwisho wa kipindi.